Mwanangu, umeniuliza kabila letu

Mwanangu Khamis,

Juzi kwenye simu ulinambia mwanao kaulizwa kabila lake na wenzake wa skuli huko Dar, akakosa la kuwajibu, nawe ukanigeukia mimi: "Baba, hivi sisi kabila gani?" Jibu lenyewe fupi. Babu yako alikuwa Mshirazi, yaani mwenyeji wa visiwani anayejinasibisha na Shiraz ya Uajemi, wa Makunduchi huku kusini mwa Unguja, na mtu haombi ruhusa ya kuwa mwana wa babake. Kinachonikera ni kwamba umekuwa mtu mzima hulijui.

Miaka ile ya foleni za chakula, baada ya Mapinduzi ya 1964, babu yako alinichukua mjini, kwenda kuandikisha watu wa nyumba kwa ajili ya mgao. Karani akauliza kabila. Mzee akasema Mshirazi. Karani akaweka kalamu chini: "Mzee, hayo yamekwisha. Hapa sote Waafrika." Nyuma yake ukutani palikuwa na bango la chama, nami ndiyo kwanza najua kusoma, kila maandishi nayavamia. Nikasoma kwa sauti: A-fro Shi-ra-zi. Foleni nzima ikanyamaza kimya. Babu yako akanifinya hapa juu ya kiwiko, mfinyo wa kweli, akamwambia karani, "Andika unavyotaka." Njia nzima hadi Makunduchi hakunisemesha, na kuanzia siku ile hakujiita tena Mshirazi mbele ya watu.

Chama kilibeba jina letu tangu 1957, kikatawala nalo baada ya Mapinduzi mpaka kilipoungana na TANU, chama cha Bara, Februari 1977. Jina lilifaa kwenye bango, kwa mwenyewe likawa haramu! Hilo halijanishuka mpaka leo.

Lakini pia nabishana na nafsi yangu. Mwingereza alituhesabu kwa makabila, na wakati wa vita vya pili hata chakula cha mgao kiligawiwa kwa kabila. Kila watu wakawa na jumuiya yao, na uchaguzi wa Juni 1961 ukamwaga damu. Waliozifuta jumuiya zile baada ya 1964 walikuwa na hoja, siwezi kuwanyima. Ila jumuiya ilikuwa na ofisi na viongozi. Babu yako alikuwa na ngarawa na watoto. Yeye alimzuia nani kujenga nchi?

Najua utaniuliza kama yule karani alikuwa mtu mbaya. Ulimi unaniwasha, wallahi. Lakini naye alitumwa, na huenda kwao Kizimkazi au hapa hapa kwetu. Basi niache.

Mtoto mwambie yeye Mshirazi wa Makunduchi, na umtajie babu zake kwa majina. Akiambiwa kabila hilo halipo, asigombane na mtu. Mtu haombi ruhusa ya kuwa mwana wa babake. Na Julai mlete kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, aone watu wanavyopigana kwa mabua ya migomba. Ami yako ameshaahidi kumkatia bua la mgomba la kimo chake.

Babako