Kuondoa alama za ufuatiliaji nyuma ya nywele

Ndugu, umeuliza namna ya kufuta alama za ufuatiliaji, yaani zile ulizobandika kwenye pazia la kijani (pazia la nyuma ambalo baadaye hubadilishwa na mandhari nyingine) ili kompyuta ifuate mwendo wa kamera; sasa zinaonekana katikati ya nywele za mwigizaji. Alama zilizo mbali naye zisikusumbue, kwa kuwa unaweza kuzikata zote kwa kuchora mpaka mpana kumzunguka. Kazi hasa iko kwenye nywele. Kabla ya kuondoa rangi ya kijani, fuatilia mwendo wa pazia kwa programu kama Mocha Pro, tuliza picha hadi pazia lionekane limesimama, kisha funika alama kwa kiraka kilichochukuliwa karibu nayo kabisa, kwa sababu mwanga wa pazia haulingani kila mahali, na mwishowe rudisha mwendo wa awali. Nywele zinapopita juu ya alama, kiraka kitazimeza. Hapo ni bora kurekebisha rangi ya alama yenyewe ifanane na pazia, ndani ya eneo dogo lenye kingo laini. Usisahau kurudisha chembechembe za picha (vidoti vidogo vinavyochezacheza kwenye video), maana kiraka cha fremu moja, yaani picha moja tu ya video, huonekana kimeganda. Safari ijayo, tumia utepe wa kijani uliokolea kidogo tu kuliko pazia.