Harufu ya mpira unaoungua ukipanda Kapchorwa

Ndugu yangu, umesema gari linanuka mpira unaoungua ukipanda kutoka Mbale kwenda Kapchorwa, na asubuhi linapiga mluzi. Mluzi huo unanifanya nishuku mkanda wa feni.

Zima injini, ipoe, ufungue boneti. Ukiona upande wa ndani wa mkanda unang'aa kama kioo, au vumbi jeusi limezunguka puli (magurudumu madogo ambayo mkanda hupita juu yake), basi mkanda unateleza. Ila usikimbilie kununua mpya! Utoe, uzungushe kila puli kwa mkono. Ikikwaruza, beringi imekufa, na mkanda mpya utaungua vilevile.

Mkanda ukiwa mzima, chungulia chini: huenda kaveera (mfuko wa plastiki) imeyeyukia kwenye ekzosi.

Geji ya joto ikipanda, simama hapohapo tafadhali. Kwenye magari mengi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji.