Jina lina koma ndani, skripti inavurugika

SWALI: Mambo fundi, naandika skripti ya Python ya kusoma barua pepe, nataka jina na anwani za wote waliopo kwenye To (sehemu ya wapokeaji), nakata kwa koma lakini majina mengine yanakatika katikati, nifanyeje?

JIBU: Acha split (hiyo ya kukata kwa koma) bana. Jina likiwa ndani ya alama za kunukuu linaruhusiwa kuwa na koma, mfano "Juma, Asha" <asha@example.com>, sasa ukikata kwa koma lazima uvurugikiwe. Python inakuja na moduli (fungu la kodi tayari) ya email.utils, huinstoli kitu, humo kuna getaddresses, we ipe listi ya stringi (maandishi) za To na Cc (wanaopewa nakala) inakurudishia jozi za jina na anwani, na kama ni mtu mmoja tu parseaddr inatosha. Kuunganisha tena jina na anwani ni formataddr, yenyewe inajua lini iweke alama za kunukuu. Tarehe nayo usiikate kwa mkono (wengi wanajitesa hapo), parsedate_to_datetime ipo tangu toleo la 3.3. Ila parseaddr haikwambii kama anwani ipo kweli, na ikishindwa kusoma inarudisha stringi mbili tupu, kwa hiyo cheki hiyo kabla hujasevu chochote.