Kabla hujanunua Velocette, jifunze kuipiga kiki

Jumapili iliyopita, baada ya miezi 14 ya kushinda nimeinama gereji, pikipiki yangu ya zamani ya Kiingereza, Velocette Venom, iliwaka kwa kiki moja. Moja tu! Nikaiendesha hadi York Road, Hall Green, hapa hapa Birmingham, kilipokuwa kiwanda chake. Nikazima injini, nikakaa juu ya kiti kimya. Pikipiki hizi zilitoka mtaa huo tangu 1927 hadi kampuni ilipofungwa 1971. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Nilipowaonyesha watu picha, kijana mmoja wa Mombasa anayeishi Coventry akaniandikia: "Kaka, nami naitaka hiyo. Nianzie wapi?" Mdogo wangu, anzia kwenye makosa yangu.

Nimekulia Tanga, barabara ya kumi na mbili, na spana nimeishika kabla sijabalehe. Niliamini pikipiki ni pikipiki. Siku ya kwenda kuiona Venom, nilikuta muuzaji ameshaiwasha, inanguruma kwenye ile ekzosi yake yenye umbo la mkia wa samaki. Nikalipa bila swali. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa ya baridi, nilipiga kiki saa nzima majirani wakinitazama. Mwisho kiki ikarudi kwa nguvu, ikanipiga kifundo cha mguu. Nilichechemea wiki mbili.

Sikilizeni. Hii ni injini ya silinda moja, cc 499, pistoni yenye kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa milimita 86. Misuli haitaishinda. Fungua petroli, bonyeza kile kidude cha kabureta mpaka uone unyevu, rudisha taiming, yaani wakati wa cheche kuwaka, nyuma kidogo. Shusha kiki taratibu mpaka ikukatae. Hapo pistoni inakaribia juu. Vuta kishikio kidogo kinachoachia kompresheni, ile hewa iliyobanwa ndani ya silinda, sogeza kiki nukta moja zaidi, achia kishikio, rudisha kiki juu kabisa. Ndipo uishushe kwa uzito wa mwili mzima, mpaka chini, bila kugusa mkono wa mafuta. Nilihitaji miezi kujifunza sentensi hizi chache, kwa sababu nilikuwa na kiburi cha kutouliza.

Halafu klachi. Ilikuwa inateleza, nikaipeleka kwa fundi aliyejiita bingwa wa pikipiki za zamani. Akaniambia imekufa. Nililipa pauni 400 za sahani mpya, na bado ikateleza. Akanilaumu mimi, eti sijui kuendesha! Jambo hilo linaniuma hadi leo. Nilipopata kitabu cha kiwanda nikaelewa: klachi ya Velocette imejificha nyuma ya sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni ya nyuma, na hairekebishwi kwa kukaza waya. Unapitisha kijiti cha chuma kwenye tundu la sproketi, unazungusha gurudumu la nyuma polepole. Kazi ya dakika chache, haina gharama. Someni kitabu cha kiwanda kabla ya kumpa mtu hela. Narudia: kitabu kwanza.

Mtu akiniuliza kwa nini sikuiuza, namsimulia habari za waliotengeneza. Johannes Gütgemann alikuwa Mjerumani aliyehamia Birmingham na kuwa John Goodman. Aliianzisha kampuni ya Veloce 1905, na jina Velocette likaja na pikipiki ndogo ya 1913. Wanawe Percy na Eugene waliendelea na kazi, na ilibaki kampuni ya familia mpaka mwisho. Familia hiyo ilichukua ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za cc 350 mwaka 1949 kupitia mwendeshaji Freddie Frith, na 1950 kupitia Bob Foster. Machi 1961, kwenye uwanja wa Montlhéry huko Ufaransa, Venom ilikimbia saa 24 kwa wastani wa kilomita 161 kwa saa. Usiku na mchana! Mgeni aliyekuja Birmingham na kuacha kitu kama hicho, mimi mgeni mwenzake nitakitupaje?

Walikosea pia. Pikipiki yao ya LE ya 1948, ya kimya, ya kupozwa kwa maji, ilipendwa na polisi wa doria, lakini raia hawakuinunua kama walivyotarajia. Skuta ya Viceroy nayo ikadoda. Kwa maoni yangu, fedha hizo zingeingia kwenye Venom.

Basi, mdogo wangu wa Coventry: linganisha namba za injini na za fremu na karatasi kabla ya kuangalia rangi. Usinunue kwa sauti, mimi nilinunua kwa sauti. Na ukifika kwa muuzaji, weka kiganja kwenye injini kabla hata hujakaribishwa chai. Ikiwa ya moto, mwambie utasubiri ipoe, ukae hapo hapo.