Mapipa Matatu, Tela Moja

SWALI: Shikamoo Bibi Stoo. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Tanga. Muhula uliopita tulichangishana tukanunua mapipa matatu: la kijani la mabaki ya chakula, la bluu la chupa na makopo, jekundu la mengineyo. Wiki ya kwanza watu walitenga vizuri. Jumatatu trekta la taka likaja, vijana wakayamwaga yote matatu kwenye tela moja. Sasa wenzangu hawataki kusikia, na mapipa mawili yamehamia bwenini kuwekewa maji. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hayo mawili angalau yamepata kazi.

Mngeuliza kwanza nani anachukua, ndipo mnunue mapipa. Vijana wa trekta msiwalaumu. Wamepewa tela moja na njia moja ya kwenda dampo. Mlichokitenga kiondoke kabla hawajafika.

Nami nililiwa kabla yenu. Nilikuwa mtunza stoo wa chuo, nikajaza salfeti sita za chupa za maji, nikakodi guta hadi kwa mnunuzi Ngamiani. Kwa macho ulikuwa mzigo wa haja. Kumbe chupa tupu ya nusu lita haifiki gramu 20, kwa hiyo kilo moja hula chupa zaidi ya 50. Tena nyingine zilikuwa na maji ndani, na vizibo vyake. Yule mzee hakubishana. Alivuta beseni la maji, akatia kizibo, kikaelea. Akakata kipande cha chupa, akakitia, kikazama. "Mama, hizi plastiki mbili. Ukiniletea pamoja, nakata bei." Nilichopata nilimlipa mwenye guta, nikabaki na hela ya maandazi.

Tangu siku ile chupa zangu zilivuliwa kizibo, zikamwagwa maji, zikakanyagwa. Mzigo ukishakuwa wa maana unampigia simu mnunuzi, anakuja mwenyewe na mzani wake. Nyie mwiteni Ijumaa.

Lakini adui mkubwa ni mchuzi. Maharage yakishamwagikia karatasi, hakuna anayeitaka, na huko kwenu karatasi ni nyingi, hasa baada ya mitihani. Kwa hiyo pipa la mabaki lisikae bwenini. Liwekeni pale kantini watu wanaporudishia sahani, na awepo mtu wa kusimamia siku za mwanzo. Ubwabwa na ugali mpeni mfugaji wa kuku aje na ndoo zake kila jioni, ukilala, umeharibika.

Maganda ya ndizi, ya viazi na mabua ya mchicha, hayo ni mboji. Shimo langu la kwanza lilinuka mpaka mkuu wa chuo akaja mwenyewe kuuliza nani kafa. Nilikuwa namwaga maganda mabichi matupu, yameshikana, hewa haipiti, basi yakaoza vibaya. Nikaanza kuchanganya majani makavu ya mwembe, ndoo tatu kwa ndoo moja ya maganda, na kulipindua lundo kila wiki. Harufu ikakata. Nilichomeka nondo katikati ya lundo. Siku ya nne nikaichomoa, sikuweza kuishika kwa moto. Hapo nikajua linafanya kazi.

SWALI: Na vile vibakuli vyeupe vya chipsi, Bibi, tuvipeleke wapi? (Msomaji huyuhuyu, alisahau akatuma tena.)

JIBU: Miaka yote sijaona mnunuzi anayeviulizia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, vibakuli vikabaki vinatutazama. Nenda na hotpoti yako. Muuzaji umemwokolea kibakuli, kwa hiyo mdai akuongezee kachumbari.