Simu inasema nakula kidogo, mizani haishuki

Swali: Nina miaka 41 na kilo 86, naishi Morogoro. Miezi miwili sasa natumia programu ya simu ya kuhesabu hatua na kalori, nimeweka lengo la kilo 65. Natembea hatua 9,000 karibu kila siku, na programu inaonyesha nakula kalori 1,500 tu. Nimepungua nusu kilo basi. Tatizo ni simu au mwili wangu?

Jibu: Pole dada, najua inavyochosha. Wanaoniletea swali hili ni wengi, na tukiifungua simu pamoja huwa naanza na chapati. Ukiandika “chapati”, programu nyingi hukupa kalori kama 120. Hiyo ni chapati ya Kihindi, ndogo na nyembamba, imechomwa bila mafuta. Ya kwetu imekandwa kwa mafuta, ikapakwa mafuta wakati wa kukunja, kisha ikakaangwa. Moja inafika 250, hata 300. Ukinywea chai mbili, kalori kama 300 zimepita bila kuandikwa.

Mafuta ndiyo yanayoipotosha simu yako. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu humwaga vijiko vinne akidhani ni kimoja. Kwa wiki moja tu, usimimine. Pima kwa kijiko, gawa kwa idadi ya walaji, andika. Na sukari ya chai uiandike: vijiko vidogo vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni kalori 140 na zaidi.

Halafu ingia kwenye mipangilio. Programu nyingi huchukua kalori ulizotumia kutembea na kukuruhusu uzile tena. Zima hapo. Hatua 9,000 ni kama kilomita 6, na kwa uzito wako ni kalori 300 na kitu. Chapati moja inazirudisha karibu zote. Tena simu ikiwa mfukoni juu ya bodaboda kwenye barabara ya mashimo, inaweza kuhesabu mtikisiko kuwa ni hatua.

Usihangaikie hatua 10,000. Namba hiyo ilienezwa na kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi, haikutoka hospitali. Hizo 9,000 zinatosha, ila dakika 30 kati yake tembea kwa kasi: uweze kuongea, usiweze kuimba.

Mizani panda mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chai. Karibu na hedhi mwili hushika maji, uzito ukapanda bila mafuta kuongezeka, kwa hiyo pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani.

Hili nakusihi: kama unatumia insulini au vidonge vya sukari kama glibenclamide, usipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari wako. Sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka.

Lengo la kilo 65 liondoe kwa sasa, weka 82. Ni kupungua kwa kama asilimia 5, na kwa watu wengi hapo ndipo presha na sukari huanza kupata nafuu. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri.