Nina presha lakini siumwi: wanajuaje kuwa niko hatarini?

Barua tatu nilizochagua mwezi huu zimetoka miji mitatu tofauti, lakini zote zinagusa jambo moja, yaani jinsi watafiti wanavyofikia kusema kuwa mtu anayejisikia mzima yumo hatarini. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa nyingine zinaiegemea.

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa miaka 52. Nilimpeleka mjukuu wangu kliniki, nesi akanipima na mimi presha, ikasoma 158 kwa 96. Nimerudi mara mbili siku tofauti, ikawa vilevile. Nimeandikiwa dawa za kumeza kila siku, na nimeambiwa nina vihatarishi vya kiharusi. Lakini siumwi kichwa, ninalima, na kanisani ninapanda mlima bila kuhema. Marehemu baba yangu alikula chumvi na kuvuta sigara hadi akafikisha miaka 88. Hao wataalamu wanajuaje kuwa mimi nitaugua? — Msomaji, Moshi

Marahaba, mama. Nianze na neno lenyewe, maana ndilo linalotisha. Kihatarishi si ugonjwa, wala si utabiri. Hakuna mtaalamu anayejua kwamba wewe utapata kiharusi. Anachojua ni kwamba watu elfu wenye presha kama yako wakifuatiliwa kwa miaka mingi, watakaopooza miongoni mwao watakuwa wengi zaidi kuliko miongoni mwa watu elfu wa umri huohuo ambao presha yao iko chini. Hesabu hiyo ni ya kundi, na wewe umo ndani ya kundi, ila hakuna aliyeandikiwa jina.

Baba yako naye yumo katika hesabu hiyohiyo. Katika kila kundi la wavutaji sigara wapo wanaozeeka, na hao ndio tunaowakumbuka kwa kuwa tuliishi nao muda mrefu na kuzisikiliza hadithi zao. Wenzao waliokufa wakiwa na miaka 50 hawakubaki barazani kutusimulia. Ndiyo sababu mtafiti hawezi kutegemea kumbukumbu ya ukoo mmoja, hata kama kila neno lake ni la kweli. Inambidi aandike majina ya watu wote mwanzoni, kabla hajajulikana nani ataugua na nani atapona, kisha awafuate wote hadi mwisho.

Utafiti uliofungua njia hiyo kwa magonjwa ya moyo ulianza mwaka 1948 katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, Marekani. Miaka mitatu kabla yake, tarehe 12 Aprili 1945, Rais Franklin Roosevelt wa nchi hiyo alikuwa amefariki kwa kuvuja damu ubongoni akiwa na miaka 63. Presha yake ilikuwa imepimwa na kuandikwa kwa miaka kadhaa huku ikizidi kupanda, na siku ya kifo chake ilifika 300 kwa 190. Yeye alikuwa na madaktari kando yake kila siku, lakini madaktari wengi wa wakati ule waliamini kuwa presha kupanda kadiri mtu anavyozeeka ni jambo la kawaida, hata la lazima, ili damu iweze kusukumwa katika mishipa iliyokakamaa. Hawakuwa wazembe, ushahidi wa kuwasahihisha ulikuwa haujakusanywa.

Pale Framingham waliandikishwa wakazi 5,209, wake kwa waume, wakapimwa presha, uzito na lehemu (kolesteroli) katika damu, wakaulizwa kuhusu sigara, kisha wakaitwa tena kila baada ya miaka miwili. Ilibidi kungoja. Mwaka 1961 William Kannel na wenzake walichapisha makala iliyoonyesha kwamba wale waliokuwa na presha ya juu na lehemu nyingi walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya wenzao, na tangu hapo dhana ya kihatarishi ikashika mizizi katika udaktari. Watoto wa washiriki wale waliandikishwa mwaka 1971, na wajukuu kuanzia mwaka 2002.

Unaweza kusema kuwa hayo ni ya Wamarekani. Basi tuje kwa jirani zako. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliandika kila kiharusi kilichompata mtu kwa mara ya kwanza katika eneo la Wilaya ya Hai lenye watu wapatao 160,000, na katika sehemu ya Dar es Salaam yenye watu zaidi ya 56,000. Hawakukaa hospitali kungoja wagonjwa waletwe, kwa kuwa wengi wa waliopooza hufia nyumbani bila kufika huko. Walikuwa na watu ndani ya jamii waliotoa taarifa, na pale mgonjwa alipokufa kabla ya kuonwa na daktari, ndugu zake waliulizwa kwa utaratibu maalumu jinsi ugonjwa ulivyoanza: upande gani ulilegea, kauli ilipotea lini, ilichukua saa ngapi. Ninawashukuru ndugu hao, kwa sababu si jambo jepesi kumweleza mgeni aliyeshika daftari jinsi mama yako alivyoanguka jikoni. Kwa majibu yao tunajua leo kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, viharusi vya kila mwaka vilikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 huko Hai, na takriban 316 Dar es Salaam. Watafiti walipowalinganisha wagonjwa na majirani wasiougua, presha ya juu na sigara vilijitokeza miongoni mwa vihatarishi, na kwa Dar es Salaam maambukizi ya virusi vya Ukimwi pia.

Hata hivyo, kujua kwamba presha inaandamana na kiharusi hakutoshi kumpa mtu dawa ya kila siku. Lazima kuthibitishwe kwamba kuishusha kunaokoa. Jambo hilo lilipimwa Marekani katika hospitali za askari wastaafu, na matokeo ya kwanza yakatolewa mwaka 1967. Wanaume 143 ambao namba ya chini ya presha yao, ile inayosomwa ya pili, ilikuwa kati ya 115 na 129 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa dawa halisi na nusu vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa. Madhara makubwa ya presha yaliwapata 27 kati ya waliokosa dawa, na wawili tu kati ya waliopewa. Mwaka 1970 yakatolewa matokeo ya wanaume 380 wengine ambao namba yao ya chini ilikuwa kati ya 90 na 114, mahali ambapo yako imo, na kwao pia dawa zilipunguza madhara, hasa viharusi.

Sasa nirudi kwako. Nimewahi kukaa na mama mmoja aliyesoma namba yake kwenye mashine, akaushusha mkono wa gauni lake taratibu, akaniambia, "Mashine imekosea, mimi najijua." Nilimwelewa kabisa. Mwili wetu hutuambia tunapochoka, tunapokuwa na njaa, tunapopata homa, na tumezoea kuuamini. Lakini kwa presha mwili hunyamaza. Mishipa haina namna ya kulalamika hadi siku inapopasuka au kuziba. Ulichokifanya wewe, kurudi mara mbili siku tofauti, ndicho hasa kinachotakiwa. Ukienda tena, keti kwanza kwa dakika tano, egemeza mgongo, miguu ikanyage chini bila kukunjwa mmoja juu ya mwingine, mkono ulale mezani usawa wa moyo, na usizungumze wakati mkanda unajaa. Tafadhali dawa umeze. Ikikuletea kikohozi, kuvimba miguu au kizunguzungu, mwambie aliyekuandikia akubadilishie, kwa kuwa aina ni nyingi; usiache kimyakimya.

Daktari, hujambo? Nina miaka 29, nimetoka Siaya kuja Nairobi, nafanya kazi ya ulinzi. Nyumbani sikuwahi kuambiwa nina presha, sasa napimwa 142 kwa 90. Wazee wetu husema presha ni ugonjwa wa mjini. Je, hiyo ni imani tu? — Msomaji, Nairobi

Sijambo, ndugu yangu. Wazee wako walisema jambo ambalo watafiti walilifuatilia kwa bidii, tena miongoni mwa Waluo wenyewe. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyeitwa Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo, jina la kikoloni la eneo la magharibi mwa Kenya kando ya Ziwa Victoria, alichapisha vipimo vya presha vya wanaume wapatao 1,000 na kuonyesha kwamba presha yao haikupanda na umri kama ilivyopanda kwa watu wa Ulaya.

Swali likabaki: je, ni damu ya watu wale, au ni maisha yao? Njia nzuri ya kulijibu ni kuwafuata watu walewale wanapohama. Utafiti wa namna hiyo ulichapishwa mwaka 1990. Vijana 325 wenye umri wa miaka 15 hadi 34 waliohamia Nairobi kutoka magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Victoria, walipimwa mara baada ya kufika, kisha wakafuatiliwa hadi miaka miwili, wakilinganishwa na wenzao 267 waliobaki kijijini. Katika mwezi wa kwanza tu, presha ya waliohama ilikuwa tayari juu kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi, yaani ile ya chumvi, ikilinganishwa na potasiamu, ambayo hupatikana katika mboga, matunda na viazi. Uzito na mapigo ya moyo navyo vilikuwa juu.

Zingatia jambo hilo: ukoo ni uleule na umri ni uleule, kilichobadilika ni mahali, na pamoja na mahali, sahani. Mtu anayelinda usiku Nairobi hula anachokikuta barabarani, chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili, mkate, soseji, supu ya mchuzi wa pakiti, na mboga za majani huzipata akikumbuka. Simlaumu, kwa sababu mlo huo ndio ulio karibu na ndio ulio rahisi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na kijiko hicho kinahesabu pia chumvi iliyokwisha kuwamo ndani ya mkate na soseji.

Kwa kisukari mwelekeo ni huohuo. Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya watu 6,299 wa vijiji sita vya Tanzania, na wenye kisukari hawakufika mmoja katika kila mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64 wa mjini na vijijini, ulikuta takriban tisa katika kila mia. Namba hizo mbili zisilinganishwe kana kwamba zilipimwa kwa mzani mmoja, maana umri wa washiriki na njia za kupima zilitofautiana, lakini umbali kati yake ni mkubwa mno kuelezwa kwa mzani peke yake.

Kwa umri wako, pimwa tena mara mbili au tatu, na umwombe mhudumu akupime figo pia, kwa kuwa presha ya kijana wakati mwingine huwa na chanzo kinachotibika.

Daktari, shikamoo. Mume wangu ana presha na kisukari. Kliniki wamemwomba ajiunge na utafiti wa dawa, wakasema kompyuta ndiyo itakayochagua apewe dawa ipi. Mimi nimekataa. Hatutaki kuwa panya wa majaribio. Nimekosea? — Msomaji, Mbagala

Marahaba, dada. Hofu yako ina historia, na sitaifuta kwa maneno matamu. Huko Alabama, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watafiti watazame ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa inaponya. Hawakuelezwa ukweli. Kwa sababu ya mambo kama hayo, leo utafiti kwa binadamu lazima upitiwe na kamati ya maadili kabla ya kuanza. Hapa Tanzania kibali cha kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na majaribio ya dawa huhitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Kuhusu kompyuta kuchagua, hiyo ni haki kuliko inavyosikika. Daktari akichagua mwenyewe, bila kukusudia atampa dawa mpya yule anayeonekana ana nguvu, kisha dawa itasifiwa kwa afya ambayo mgonjwa alikuja nayo. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Msumbiji, Nigeria, Cameroon na Afrika Kusini, ambamo wagonjwa 728 wa presha waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, kila kundi likapewa jozi yake ya dawa. Wote walipata dawa halisi. Jozi mbili zilizokuwa na amlodipini zilishusha presha zaidi ya ile isiyokuwa nayo. Kabla ya hapo madaktari wa Afrika walikuwa wakiegemea sana matokeo ya wagonjwa wa mabara mengine, na jibu hili lisingepatikana kama wagonjwa wale wote wangekataa.

Hata hivyo uamuzi ni wa mume wako, na kukataa kusimpunguzie huduma hata kidogo. Rudini pamoja, mwombe fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili, mwulize mtafiti: dawa anazotumia sasa zitasimamishwa? Kuna kundi litakalopewa vidonge visivyo na dawa, na kama lipo, litalindwaje? Akidhurika, nani atagharamia matibabu? Utafiti ukiisha, ataendelea kupata dawa hiyo? Anaweza kujitoa katikati? Msitie saini siku hiyohiyo. Ichukueni fomu nyumbani, muisome jioni mkiwa mmetulia, na muangalie kama ina namba ya simu ya kamati ya maadili. Kama haipo, iombeni kabla ya jambo lolote lingine.